Sauti Iliyobaki Mnarani

Mnara ulikohoa.

Ilikuwa jioni, saa ya kufunguliwa maji ya bomba, na watu wa kisiwani walikuwa wamepanga ndoo zao milangoni. Kikohozi kilitoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya mnara wa halmashauri, kikapita juu ya mabati, kikafika mpaka gatini. Wengine hawakukijali. Wengine walisema, "Pole, mnara!" wakacheka, wakaendelea kukinga maji.

Kinanda hakucheka. Alikuwa jikoni kwake anamenya vitunguu, na koo lilikuwa limemuwasha wakati huo huo. Alikuwa amefungua mdomo ili akohoe. Kikohozi hakikutoka. Kilitokea mnarani.

"Umesikia?" alimnong'oneza mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa umeme wa halmashauri, na kila mtu alimwita Fundi Waya. Alikuwa anavua viatu mlangoni. "Nimesikia nini?"

"Mnara umekohoa."

"Ni waya umelegea. Kesho nitaukaza."

"Umekohoa kikohozi changu mimi."

Fundi Waya alilitazama tumbo la mkewe, maana mimba ilikuwa kubwa, akatabasamu. "Mama kijacho, siku hizi hata kikohozi kina mwenyewe?"

Kwenye kona ya jiko, dada mkubwa wa Fundi Waya alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. Ungo wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Dada huyu aliitwa Bi Sikilizeni. Jina lenyewe alilipata mnarani. Miaka mingi ndiye aliyekuwa mtangazaji wa halmashauri, na kila tangazo alilianza kwa maneno yale yale: "Tafadhalini, sikilizeni." Kwenye kisiwa kidogo kama kile, mnara ndio uliokuwa kila kitu. Ulionekana kutoka kila uchochoro. Mgeni akiuliza njia aliambiwa nyuma ya mnara, mbele ya mnara, kushoto kwa mnara. Habari zote zilitoka humo: kivuko kimechelewa, maji yatafungwa, kuna mkutano, mbuzi wa fulani amepotea, fulani amefariki. Na kila mtoto aliyezaliwa alitajwa humo jina lake na la mama yake. Mtoto ambaye mnara haujamtaja, watu walisema bado hajafika, hata kama ameshaota meno.

Basi miaka ikaenda, koo la Bi Sikilizeni likachoka. Siku moja kwenye mkutano wa hadhara, Mwenyekiti wa kisiwa akasimama akasema kwa utani kwamba sauti ya mtangazaji wetu imekuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu Mwenyekiti akamwita bibi harusi mpya, mke wa Fundi Waya, asome tangazo la usafi. Alisoma. Uwanja wote ukanyamaza. Mwenyekiti akasema, "Kisiwa hiki hakijawahi kusikia sauti kama hii. Hiki ni kinanda!" Jina likamganda hapo hapo.

Bi Sikilizeni hakucheka wala hakulia. Alirudi nyumbani akapika, akampakulia wifi yake nyama ya kwanza. Asubuhi yake akampeleka mnarani akamfundisha kazi. Watu walimsifu: huyo ndiye wifi, si wale wa kurushiana vijembe. Hawakujua kwamba tangu siku ile, kila Kinanda alipotangaza, Bi Sikilizeni aliacha alichokuwa anafanya, akasimama nyuma ya mlango wa chumba chake, akayafuatisha maneno yote kwa midomo, bila sauti, mpaka mwisho.

Baada ya kikohozi, zikaja sauti nyingine. Mnara ulipiga chafya. Mnara ulihema kama mtu aliyebeba ndoo. Fundi Waya alikaza waya zote, akabadilisha swichi, akashuka akifuta jasho, na kabla hajafika chini mnara ukaimba kidogo, wimbo ule ule ambao Kinanda alikuwa anauimba rohoni mwake wakati anaanika nguo.

Kisha ikaja siku ya bata. Ilikuwa mchana, soko limejaa, mke wa Mwenyekiti anachagua nyanya. Mnara ukasema kwa sauti tamu, pole pole: "Yule mama anatembea kama bata aliyemeza ndoo."

Soko zima likamgeukia mke wa Mwenyekiti. Muuza nyanya akainamia chini ya meza akijifanya anatafuta kitu.

Kinanda aliitwa ofisini. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando ya dirisha, na nje mafundi walikuwa wanaupaka mnara rangi mpya, maana mkuu wa wilaya alikuwa anakuja kutoka ng'ambo kuuzindua.

"Binti yangu," Mwenyekiti alisema, "mimi nimekukosea nini?"

"Mzee, sikusema kwenye maikrofoni. Nilikuwa nyumbani."

"Kwa hiyo hukusema?"

Kinanda aliinamisha kichwa. "Nilimwambia mume wangu. Kitandani. Kwa utani."

Mwenyekiti alimtazama kwa muda, kisha akatazama mnara. Alikuwa mtu wa mikutano, si mtu wa mambo haya. "Hata sauti yako leo siisikii vizuri," alisema. "Una mafua?"

Hakuwa na mafua. Sauti ilikuwa inampungua kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Aliyekuwa akisikika mpaka gatini, sasa ilibidi mtu amsogelee. Mwenyekiti akampa likizo mpaka ajifungue. Na nafasi yake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi, akarudishiwa Bi Sikilizeni.

Jioni hiyo Bi Sikilizeni alijipaka mafuta, akavaa gauni la kutokea. "Usijali, wifi," alisema akifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo. "Wewe pumzika. Kazi yenyewe si ninaijua?"

Kinanda alijifungua asubuhi, kwenye zahanati, dirisha likiwa wazi na jua limeingia mpaka kwenye beseni. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mzito. Mkunga alimwinua, akamfuta, akamgonga nyayo. Mtoto akakunja uso, akafungua mdomo mpaka fizi zote zikaonekana, akatetemeka mwili mzima kama watoto wote wanavyolia.

Hakuna kilichotoka.

Mkunga akamgonga tena. Mtoto alikuwa anapumua, kifua kinapanda na kushuka, machozi yanamtoka, na chumba kiko kimya. Ndipo sauti ikaja kutoka nje, kutoka juu, ikaingia dirishani: kilio cha mtoto mchanga, kikubwa kuliko nyumba, kikitoka kwenye vipaza sauti vyote vya mnara kwa pamoja. Kila mtoto alipofunga mdomo ili avute pumzi, mnara ulinyamaza. Kila alipoufungua, mnara ulilia.

Mkunga alimweka mtoto kifuani kwa mama yake, taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu asichokijua. Kisha akafunga dirisha.

"Mama," alinong'ona, "sijawahi. Miaka yote hii, sijawahi."

Huko nje watu walisimama na mifagio yao mikononi, wakaulizana, "Nani amezaa?"

Tangu hapo nyumba ya Fundi Waya haikulala. Mtoto akisikia njaa, mama yake hakujua kwa sikio la karibu. Alijua kwa mnara. Angeweza kuwa anafua uani, mtoto amelala ndani, na ghafla kilio kikapasuka juu ya kisiwa kizima, naye akaacha nguo kwenye povu akakimbia, huku majirani wakipiga kelele madirishani, "Mnyonyesheni huyo jamani, tumechoka!" Mwanzoni walisema kwa utani. Baadaye hawakutania. Walifunga madirisha mchana wa joto. Muuza mkate alianza kupitia njia ya nyuma ili asipite chini ya mnara, na mafundi wa rangi waliacha upande mmoja haujapakwa, wakisema upande huo ukuta una joto kama paji la uso la mgonjwa.

Kinanda mwenyewe alikuwa amebaki na mnong'ono tu. Alitaka kumwimbia mwanawe, midomo ikaenda, na mtoto akamtazama mdomo kwa macho makubwa bila kujua kinachoendelea.

Jioni moja, Bi Sikilizeni akiwa ameshashuka kutoka kazini, Kinanda alimwacha mtoto kwa mumewe akaenda mnarani peke yake. Alitaka kuona. Jua lilikuwa bado halijazama na mwanga mwekundu ulikuwa kwenye ngazi za chini. Alipanda. Harufu aliikuta katikati ya ngazi, kwanza kidogo, harufu ya nywele zilizoungua, kisha chini yake harufu nyingine ambayo aliitambua kabla hajataka kuitambua, maana aliibeba kwenye nguo zake kila siku, harufu ya maziwa ya mama yaliyochacha, na kadiri alivyopanda ndivyo ilivyozidi, mpaka ikawa kama anapanda ndani ya koo la mtu aliyenyonya na kucheua, ukuta ukiwa na unyevu chini ya kiganja chake na joto likimpulizia usoni kisha likirudi, likimpulizia kisha likirudi, na hapo akaelewa kwamba si upepo, ni pumzi, na kwamba anayepumua yuko juu yake kwenye kile chumba kidogo na hana haraka, kwa sababu amemsubiri.

Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na meza, kiti, swichi iliyozimwa, na maikrofoni. Maikrofoni ilikuwa imelowa. Ilikuwa inang'aa kwa mate, na tone moja lilikuwa linaning'inia, kama mtu aliyekuwa ameibana midomoni ameiachia sasa hivi.

Kinanda alitaka kusema, "Mwanangu." Midomo ilisema. Sauti haikuja.

"Mwanangu," mnara ukasema juu ya kichwa chake, kwa sauti yake yeye, tamu, ya kinanda, na kisiwa chote kikasikia. "Mwanangu. Jina lako nani?"

Hakujua alishukaje.

Fundi Waya, ambaye mpaka siku ile alikuwa anasema waya, waya, hakusema tena waya. Alitoka mbio akaenda kumwita Kinyozi.

Kinyozi alikuwa na kiti kimoja na kioo kimoja karibu na gati. Marehemu baba yake ndiye aliyekuwa mtangazaji wa kwanza wa mnara ule, na alimrithisha mambo mengine pamoja na mikasi. Watu walisema kwa utani kwamba Kinyozi anakata nywele mchana na majini jioni, na bei ya majini ni nafuu. Alikuja na aproni yake, nywele za mteja zikiwa bado mabegani, akakaa kwenye kigoda, akamtazama mtoto akilia kimya huku mnara ukilia huko nje. Hakuwasha kitu wala kusoma kitu. Aliuliza maswali kama daktari.

"Ukipanda kule, unafanyaje?"

Kinanda alimnong'oneza mumewe, mumewe akasema kwa sauti. "Anagonga mlango. Anawasha swichi. Anasema. Anazima. Anashuka."

"Anashuka hivi hivi? Haagi?"

"Amuage nani, kaka? Hakuna mtu."

Kinyozi aliacha kutikisa mguu. "Maneno ya kuaga hujayasema hata siku moja?"

Kinanda akatikisa kichwa.

"Baba alikuwa akiyasema kila akishazima. 'Nimepanda na sauti yangu, nashuka na sauti yangu. Kilicho chako baki nacho, kilicho changu nipe.' Mtangazaji humpa mtangazaji maneno hayo. Kule juu yuko mwenye mahali pale. Alikuwepo kabla ya matofali. Kinywa hana. Masikio anayo, na wivu anao wa kutosha, maana kila siku watu wanapanda kusema mbele yake na yeye hawezi. Usipoaga, anajua umemwachia sauti yako." Akatazama tumbo ambalo sasa lilikuwa tupu. "Na mlikuwa mnapanda mkiwa wawili." Kisha akauliza pole pole, "Nani alikufundisha kazi?"

Wote waligeuka kutazama mlango wa jikoni, na Bi Sikilizeni alikuwa amesimama hapo na mwiko mkononi.

"Mnanitazamia nini?" alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya mlango usiotiwa mafuta. "Aliulizwa kama anaiweza, akasema anaiweza. Si ni kinanda?"

"Dada..." Fundi Waya alisema.

"Usiniite dada! Siku ile uwanjani ulicheka. Nilikuona. Ulicheka na wewe."

Kinyozi alimgeukia Bi Sikilizeni. "Mama, leo hatutafuti aliyecheka. Huyo wa mnarani ana sauti ya mtoto, lakini mtoto hajawa wake. Anachokosa ni jina. Ndiyo maana anauliza. Jina likitamkwa mnarani na anayetamka akashuka bila kuaga, mtoto haji tena. Atakua, atakula, lakini atakuwa kifuniko tu. Mwenyewe atakuwa kule."

Hapo ndipo wote walipokumbuka. Katika ukoo ule, mtoto wa kwanza jina lake huchaguliwa na shangazi, na shangazi hulificha mpaka siku ya kulitangaza. Jina la mtoto lilikuwa kichwani mwa Bi Sikilizeni peke yake.

"Basi lisitangazwe," Fundi Waya alisema.

"Ukichelewesha, sauti inaota mizizi kule. Mlango hufungwa na aliyeuacha wazi," alisema Kinyozi. "Bi Sikilizeni apande. Aseme maneno ya kuaga, azichukue sauti za hawa wawili, ashuke nazo." Akapangusa nywele begani. "Lakini yule hakubali kubaki mikono mitupu. Sitawadanganya."

Kinyozi alipoondoka, Kinanda alimfuata wifi yake jikoni. Alipiga magoti kwenye sakafu. Alimshika miguu akanong'ona, na kilichosikika kilikuwa kama karatasi inayoburuzwa.

Bi Sikilizeni alimtazama kutoka juu. "Sisikii," alisema.

Kinanda akanong'ona tena, mishipa ya shingo imemsimama.

"Niombe kwa sauti, wifi. Ile ya uwanjani. Niombe kwa ile." Akageuza mboga kwenye sufuria. Hakugeuka.

Siku ya uzinduzi, uwanja ulijaa tangu asubuhi. Viti vya plastiki vilipangwa, mkuu wa wilaya akakaa chini ya turubai, na mnara ulikuwa mweupe mpya isipokuwa ule upande mmoja, uliofunikwa kwa kitambaa kikubwa ili usionekane. Mwenyekiti alikuwa ameshapanga: tangazo la kwanza baada ya rangi mpya liwe la jina la mtoto, maana hakuna kitu kinachopendeza wageni kama mtoto. Fundi Waya alikwenda kumsihi waziwazi asubuhi ile, Mwenyekiti akamwambia, "Mwanangu, unataka niseme nini kwa mkuu wa wilaya? Kwamba tuna jini?"

Bi Sikilizeni alipita katikati ya watu akiwa na gauni jipya. Hakumtazama mtu. Kinanda alisimama mbele kabisa na mtoto mikononi, na wifi yake alipompita, alisimama kidogo tu, akaurudisha mguu wa mtoto uliotoka nje ya kanga, akaingia mlangoni mwa mnara.

Vipaza sauti vikakwaruza.

"Tafadhalini, sikilizeni."

Watu waliguna kwa mshangao, kisha wakapiga makofi. Haikuwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Ilikuwa sauti ya kinanda, laini, pana, iliyoshuka juu ya uwanja kama maji ya uvuguvugu, na Kinanda alijishika koo kwa mkono mmoja kwa sababu alikuwa anajisikia mwenyewe akisema. Mkuu wa wilaya aliinama akamuuliza Mwenyekiti, "Nani huyo?" Mwenyekiti akavimba kichwa.

Sauti ikakaribisha wageni. Ikashukuru wapaka rangi. Ikasema habari za kivuko, kisha za maji, kisha ikarudia za kivuko kwa maneno mengine, na wote waliomjua Bi Sikilizeni walielewa kwamba hataki kumaliza. Aliyanyoosha maneno, akayazungusha, akayaonja kama mtu aliyefunga miaka mingi na sasa amepewa sahani, akasema majina ya mitaa ambayo hayakuhitaji kusemwa, akaitaja ofisi, gati, soko, zahanati, mnara wenyewe, na kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyozidi kuwa tamu na watu walivyozidi kunyamaza wakiwa wameinua nyuso, hakuna aliyekohoa, hakuna aliyejikuna, hata mkuu wa wilaya mdomo wake ulikuwa wazi, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikaanza kushuka kutoka juu na hakuna aliyeijali isipokuwa mama mmoja aliyekuwa amemkumbatia mwanawe na kuona jinsi midomo ya mtoto inavyogeuka rangi.

"Na sasa," sauti ikasema, "jina la mtoto."

Mtoto akafungua mdomo. Kilio kikatoka juu, nyuma ya ile sauti tamu, karibu nayo sana, kana kwamba mtoto amewekwa mezani kando ya maikrofoni.

Sauti ikakatika.

Watu walisubiri. Kilio kiliendelea. Kisha kitu kikanong'ona, si kwa watu, "Litaje. Litaje, nami hii ni yako mpaka ufe." Ilikuwa sauti ile ile ya Kinanda, ikiongea na anayeitumia.

Kilio kikapanda. Halafu ikasikika sauti nyingine, nzito, ya kukwaruza, ya mlango usiotiwa mafuta.

"Nyamaza, mama. Nyamaza. Shangazi yupo."

Kinanda akainua uso kuutazama mnara.

"Nimepanda na sauti si zangu," ile sauti ya kukwaruza ilisema, pole pole, na kwa mara ya kwanza kisiwa kikasikia maneno ambayo siku zote husemwa swichi ikishazimwa. "Nashuka nazo. Hii ya mama yake. Hii ya mtoto. Kilicho chako baki nacho, kilicho chao nipe. Jina silisemi." Akapumua. "Na ukitaka ya kubaki nayo, ipo moja. Walisema mbaya. Chukua."

Kitambaa kilichofunika upande wa mnara kikavutwa ndani, kikabandikana ukutani kama kwenye mdomo uliovuta hewa. Vipaza sauti vikatoa mlio mmoja mrefu. Kisha kukawa kimya.

Na mtoto, mikononi mwa mama yake, akalia. Kilio kidogo, cha kawaida, cha mtoto mwenye njaa. Hakikufika hata kwa mkuu wa wilaya.

"Mwanangu!" Kinanda alisema, na alijisikia.

Bi Sikilizeni alitoka mlangoni akishika ukuta. Alikuja mpaka kwa mtoto, akainama, akaweka mdomo kwenye kile kisikio kidogo, na midomo yake ikatamka kitu. Kila mtu alijua anachotamka. Hakuna aliyesikia.

Baadaye walimletea kalamu aliandike hilo jina. Aliitupa uani. Wakaacha. Mtoto akaitwa Mgeni, kwa kuwa mnara haujamtaja, na kwa hesabu za kisiwani bado hajafika.

Kinanda alirudi kazini. Kila jioni aliwasha, akasema, akazima, akaaga neno kwa neno. Bi Sikilizeni alipewa kazi ya kufagia ngazi za mnara, na Mgeni, alipoanza kutembea, alimfuata huko na kifagio chake kidogo, akiongea kwa niaba ya wote wawili.

Miaka ikaenda, koo la Kinanda nalo likaanza kuchoka. Si sana. Yeye mwenyewe hakuona. Lakini siku moja kwenye mkutano wa hadhara Mwenyekiti mpya alimsimamisha binti mmoja mwembamba, aliyeolewa kisiwani karibuni, akamwambia asome tangazo la usafi. Uwanja wote ukanyamaza.

"Jamani," Mwenyekiti akasema, "kisiwa hiki hakijawahi kusikia sauti kama hii."

Watu wakapiga makofi. Kinanda naye akapiga. Kisha akatazama mikono yake.

Asubuhi yake akampeleka binti mnarani. Bi Sikilizeni alikuwa ngazi za chini, anafagia. Walimwamkia, akaitikia kwa kichwa. Walipofika juu, Kinanda alimwonyesha meza, kiti, maikrofoni.

"Unagonga mlango," alisema. "Unawasha hapa. Unasema. Unazima."

Binti alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa bidii, tumbo lake ndiyo kwanza linaanza kuonekana chini ya gauni. "Basi, dada? Hakuna kingine?"

Chini, ufagio ukasimama.

Kinanda aliangalia nje ya dirisha, mabati, gati, soko, uwanja, kila mahali ambapo sauti yake ilikuwa imefika. Kulikuwa na joto usoni mwake, linakuja kisha linarudi.

"Ndiyo hivyo tu, mdogo wangu," alisema.

Mpini wa ufagio ukagonga ngazi. Ukagonga tena, kwa nguvu, tena na tena, ukipanda, kama mtu anayepiga mlango wa nyumba inayoungua na wenyewe wamelala.

"Nini hicho?" binti aliuliza.

"Anafagia," Kinanda alisema.

Na juu ya vichwa vyao, swichi ikiwa haijaguswa, kitu chenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta kikaanza kucheka.